HD DVD: Bei ya Kutupa, Lakini Tazama Unachookota

Ukipita leo kwenye rafu za maduka ya mitumba ya Marekani, au ukifungua minada ya eBay, utakuta filamu zilizomo ndani ya makasha ya plastiki yenye rangi ya damu ya mzee, na ubavuni zimeandikwa HD DVD. Nyingi huuzwa dola mbili au tatu, na mara nyingine fungu zima huenda kwa bei ya Blu-ray moja mpya. Picha iliyomo ni ya 1080p, safi kuliko DVD yoyote, na sauti yake inaweza kuwa Dolby TrueHD, ambayo haipotezi chochote cha sauti ya studio. Kwa mpenzi wa filamu mwenye kipato cha kawaida, hapo pana neema. Pana mtego pia, na anayenaswa ni yule anayetazama jina la filamu na bei bila kuuliza diski ilitoka kwa nani.

Tuanze na sababu ya urahisi huo. Toshiba ilianza kuuza deki za HD DVD nchini Japani tarehe 31 Machi 2006, na Marekani mwezi uliofuata. Blu-ray, iliyoungwa mkono na Sony, Panasonic, Philips na wengineo, ikaingia sokoni miezi michache baadaye. Mifumo yote miwili ilitumia leza ya buluu-zambarau yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405, badala ya leza nyekundu ya DVD yenye nanomita 650. Wimbi likiwa fupi, leza inaweza kusoma alama ndogo zaidi, na alama zikiwa ndogo, data nyingi zaidi hukaa mahali palepale. Tabaka moja la DVD hubeba gigabaiti 4.7, la HD DVD gigabaiti 15, na la Blu-ray gigabaiti 25.

Toshiba ilikubali kuwa na nafasi ndogo kwa sababu ya kiwanda. HD DVD imeundwa kama DVD: sahani mbili za plastiki, kila moja yenye unene wa milimita 0.6, zimebandikwa kwa gundi, na data imekaa katikati. Kiwanda kilichokuwa kikitengeneza DVD kiliweza kugeuzwa bila kununua mitambo yote upya. Blu-ray iliweka data yake milimita 0.1 tu kutoka juu, jambo lililodai mitambo mingine na ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Gundi hiyo ya HD DVD tutairudia, maana ni mahali pa kwanza pa kushuku diski inapogoma kusomeka.

Vita kati ya mifumo hiyo miwili viliamuliwa na studio za filamu. Universal ilishikamana na HD DVD mwanzo hadi mwisho. Paramount ilikuwa ikiuza kotekote, kisha Agosti 2007 ikaachana na Blu-ray. Sony, Disney na Fox walikuwa upande wa Blu-ray, na PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006 ikiwa na kisomeo cha Blu-ray ndani yake, iliingiza mfumo huo katika nyumba ambazo zilitaka michezo tu. Warner ndiye aliyebaki mguu huku mguu kule. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ikatangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Tarehe 15 Februari Walmart ikasema inaiondoa HD DVD kwenye rafu zake, na tarehe 19 Februari Toshiba ikasalimu amri. Haikufika hata miezi miwili. Best Buy iliwapa wateja walionunua deki hizo kwake kadi za dola 50 za kuwafuta machozi, na mwaka 2009 Toshiba yenyewe ikajiunga na chama cha Blu-ray.

Maghala yalibaki na diski zisizotakiwa, na walionunua wakaanza kuziuza ili wahamie upande wa pili. Bei haikupanda tena kwa sababu rahisi: diski hizi zinahitaji deki ambayo haitengenezwi tena, na kila deki inayokufa inaondoa mnunuzi mmoja sokoni. Kwa hiyo wa kwanza kutafutwa ni deki. Nimeona watu wenye diski hamsini na hawana pa kuzichezea, wakidhani deki ya Blu-ray itazisoma. Haitazisoma. Leza ni ya rangi ileile, lakini lenzi ya Blu-ray imeundwa kutazama karibu na uso wa diski, wakati data ya HD DVD imezama mara sita zaidi. Ni mashine chache tu zilizotengenezwa kusoma zote mbili, kama LG BH200 na Samsung BD-UP5000, na bei yake leo si ya kitoto.

Deki ya kawaida kuipata ni Toshiba HD-A2, ambayo Walmart waliiuza kwa dola 98.87 mwanzoni mwa Novemba 2007, pamoja na mdogo wake HD-A3. Zote mbili zinatoa 1080i. HD-A30 inatoa 1080p, na HD-XA2 ndiyo iliyokuwa ya hali ya juu. Microsoft nayo iliuza kisomeo cha nje cha Xbox 360. Hicho hutumia waya wa USB na kina adapta yake ya umeme, na kinaweza kuunganishwa na kompyuta yenye programu inayofaa. Ukikipata, hakikisha adapta ipo, kwa maana ndiyo inayopotea kwanza.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, ambaye huagiza kupitia ndugu walioko ughaibuni, kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni umeme. Deki iliyouzwa Marekani inataka volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani utaiunguza. Inahitaji transfoma. Deki zilizouzwa Uingereza, kama HD-E1 na HD-EP30, zinakubali umeme wetu, na hata plagi yake inaingia kwenye soketi zetu bila adapta. La pili ni habari njema. DVD zilifungwa kwa kanda: Afrika Mashariki iko kanda ya 5, Marekani kanda ya 1, Ulaya na Japani kanda ya 2, na diski ya kanda moja hukataliwa na deki ya kanda nyingine. HD DVD haikuwekewa kufuli hilo. Diski ya Ujerumani inacheza kwenye deki ya Marekani, na ya Japani inacheza kwenye deki ya Uingereza. Tahadhari ni kwa zile diski za pande mbili, zenye HD DVD upande mmoja na DVD upande wa pili, kwani ule upande wa DVD unaweza kuwa umefungwa.

Uhuru huo ndio unaofungua hazina ambayo wawindaji wengi hawaioni. Haki za filamu hazikuwa mikononi mwa kampuni moja duniani kote, hivyo filamu iliyokuwa ya Blu-ray tu Marekani iliweza kutoka kwa HD DVD Ulaya. Terminator 2 ni mfano mzuri. StudioCanal waliitoa kwa HD DVD huko Ulaya, wakati Marekani haki zilikuwa kwa kampuni iliyokuwa upande wa Blu-ray. Anayetafuta kwenye minada ya Ufaransa na Ujerumani huwakuta washindani wachache kuliko anayetafuta Marekani peke yake. Asome tu kwa makini lugha za sauti na manukuu zilizoandikwa nyuma ya kasha.

Sasa tuje kwenye ule mtego. Diski nyingi za HD DVD zilizouzwa na Warner zinakufa. Wakusanyaji wamekuwa wakilieleza jambo hili kwa miaka mingi: diski haina hata mkwaruzo, imekaa kabatini tangu inunuliwe, na siku moja deki inaikataa, au filamu inaganda katikati na haiendelei. Tatizo halikuishia kwenye HD DVD. Mwaka 2025 Warner ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina kasoro, na miaka hiyo ndiyo uhai wote wa HD DVD. Hapo ndipo gundi na tabaka za ndani zinaposhukiwa. Pale zinapoharibika, data iliyokaa katikati ya sahani mbili haisomeki tena, hata kama uso wa juu unang'aa. Kusugua diski kwa mashine ya kuondoa mikwaruzo hakusaidii, kwa sababu kidonda kiko ndani.

Ndiyo maana nasema jina la studio lina uzito kuliko hali ya diski inayoonekana kwa macho. Diski ya Universal au Paramount yenye mikwaruzo midogo ni mali. Diski ya Warner inayometameta ni bahati nasibu. Kuna alama nyingine ya kutazama. Mwaka 2009 Warner ilianzisha mpango wa kubadilisha HD DVD zake kwa Blu-ray kwa dola 4.95 na gharama za posta, na mteja alitakiwa kutuma karatasi ya jalada ya kasha, huku diski ikibaki kwake. Ukikuta kasha lisilo na karatasi ya jalada, ndani yake kuna diski ya Warner, yaelekea mwenyewe alishapata Blu-ray yake. Kwa diski kama hiyo usilipe zaidi ya senti.

Ukiwa dukani, itoe diski kwa kuishika ukingoni na katikati. Ielekeze kwenye taa kisha iinamishe polepole. Mikwaruzo inayozunguka kufuata mduara ni mibaya kuliko ile inayokatiza kutoka katikati kwenda nje, kwa sababu inafunika mfululizo mrefu wa data, na mashine ya kusahihisha makosa hushindwa kuziba pengo. Mistari ya HD DVD imepishana kwa maikromita 0.40, wakati ya DVD imepishana kwa 0.74, kwa hiyo alama ya kidole ambayo DVD ingeivumilia inaweza kuisimamisha hii. Tazama na ukingo wenyewe. Ukiona sahani mbili zimeachana hata kidogo, au doa kama la wingu linaloingia ndani kutoka pembeni, irudishe rafuni. Diski za pande mbili zikague mara mbili, maana hazina uso wa lebo, na wenye haraka huzishika popote.

Ukinunua kwa mbali, muulize muuzaji swali moja: filamu umeicheza mpaka mwisho? Maneno kwamba diski ni safi hayatoshi. Ikikufikia, usiiweke kabatini ukisubiri wikendi. Icheze siku hiyohiyo, na kama huna muda, ruka uone mwanzo, katikati na sura za mwisho, wakati muda wa kurudisha haujapita. Ikigoma, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje na uijaribu kwenye deki nyingine kabla hujaihukumu, kwa sababu leza ya deki nayo huzeeka.

Kuhusu bei, kumbuka kilichogawiwa bure. Ndani ya boksi la HD-A3 na HD-A30 mliwekwa filamu za 300 na The Bourne Identity, na kisomeo cha Xbox kilikuja na King Kong ya Peter Jackson. Filamu hizo zimejaa sokoni, na hakuna sababu ya kuzilipia zaidi ya bei ya chini kabisa. Hata hivyo 300 ya HD DVD ina kitu ambacho Blu-ray yake ya kwanza haikuwa nacho: dirisha dogo linaloonyesha waigizaji wakiigiza mbele ya pazia la buluu huku filamu ikiendelea. Ni ya Warner, basi ijaribu kwanza. Kinyume chake, filamu zilizotoka majira ya kuchipua ya 2008, Toshiba ikiwa imeshatangaza kushindwa, zilifika madukani kwa uchache, na wakusanyaji wanazigombania.

Bei nzuri zaidi hupatikana kwa mafungu. Mtu anayehama nyumba huuza deki na diski zake zote pamoja, kwa sababu anajua hakuna atakayekuja kununua moja moja. Gawanya bei ya fungu kwa idadi ya diski zisizo za Warner, ujumlishe posta, ndipo uone kama ni nafuu kweli. Ndani ya Marekani, posta ina huduma ya Media Mail inayobeba diski na vitabu kwa gharama ndogo, lakini kifurushi cha kwenda nje hakina nafuu hiyo. Diski ya dola mbili inayosafirishwa peke yake kuja Afrika Mashariki inaweza kugharimu posta mara kadhaa ya bei yake. Afadhali zikusanywe kwa ndugu mmoja, zije kwenye sanduku la msafiri. Angalia pia matangazo ya wauzaji wasiojua walichonacho. Wengi huandika DVD tu, na rangi ya kasha kwenye picha ndiyo itakayokuambia ukweli. Unyevu wa pwani ni adui, basi zikifika zisimamishwe wima kwenye makasha yake, mbali na dirisha na ukuta unaotoa maji.

Ushauri wangu ni huu: nunua deki mbili zinazofanya kazi kabla ya diski ya kumi, jaza rafu kwa Universal, Paramount na StudioCanal, na Warner uichukue tu pale ambapo hasara ya kuitupa haitakuuma.