Panda kilima, sukari ishuke

Ukishuka sokoni Nyaramba, kaunti ya Nyamira, wa kwanza kukulaki ni kijana wa bodaboda. Kilima ambacho wazee walikipanda kwa miguu, ndizi kichwani, siku hizi kinapandwa na pikipiki. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, hiyo ni hasara.

Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haba, na nafuu hiyo huweza kudumu siku nzima au mbili baada ya kupumzika. Ndiyo maana wataalamu husisitiza usipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo wa kukuhemesha kidogo. Hata matembezi mafupi baada ya obokima (ugali) wa jioni huizuia sukari isipande sana.

“Lakini mimi huchuma chai kutwa,” utajibiwa. Kweli, hayo nayo ni mazoezi. Wa kumhofia zaidi ni mwenye duka anayekalia stuli tangu asubuhi. Ila mchuma chai ana hatari yake, na naona haizungumzwi vya kutosha. Alfajiri anajidunga insulini au anameza kidonge cha glibenklamidi, anapiga kikombe cha chai ya rangi, huyo shambani. Kufika saa nne mikono inatetemeka, kijasho chembamba kinamtoka, maneno hayaeleweki, na wenzake wanadhani amelewa. Kumbe sukari imeshuka mno! Apewe papo hapo soda ya kawaida, au vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, kisha ale. Akizimia, asitiliwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Anayetumia vidonge vya metformini pekee hana hofu kubwa ya hali hii.

Halafu kuna gamboti. Sukari ya muda mrefu huua hisia za miguu, na kijiwe kilichoingia asubuhi huweza kuchimba kidonda bila mwenyewe kujua. Zikung’ute kabla ya kuvaa, na ukague nyayo kila jioni.

Mwenye mashine ya kupimia sukari ajipime kabla ya kutoka. Kama anatumia insulini au glibenklamidi na kipimo kiko chini ya 5 mmol/L, ale ndizi kwanza. Kikizidi 14 naye anajihisi mgonjwa, aende kliniki, si shambani. Na dozi usijipunguzie mwenyewe: mweleze muuguzi kazi unayofanya na saa unayoianza, akupangie.