Ukubwa wa kumbukumbu ya kompyuta

Ukubwa wa kumbukumbu ya kompyuta ni kipimo cha wingi wa data ambazo kompyuta inaweza kuzishika. Hupimwa kwa baiti na vizidishio vyake, kama vile megabaiti (MB), gigabaiti (GB) na terabaiti (TB). Mtu anayeunda kompyuta kwa kukusanya vipuri anahitaji kuvielewa vipimo hivi, kwa sababu namba ileile ikiandikwa kwenye RAM na kwenye diski haimaanishi kiasi kilekile.

RAM na hifadhi

RAM ni kumbukumbu ya muda: hushika programu na data zinazotumika wakati huo, na yaliyomo hupotea umeme ukikatika. Diski kuu na SSD ni hifadhi ya kudumu: hutunza mafaili hata kompyuta ikizimwa. RAM ikijaa, mfumo wa uendeshaji huhamishia sehemu ya data kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Ndiyo maana kompyuta yenye diski ya TB 1 na RAM ya GB 2 inaweza kutunza filamu nyingi, lakini ikawa nzito inapofunguliwa programu kadhaa kwa pamoja.

Biti na baiti

Biti ni kipimo kidogo kabisa, na thamani yake ni 0 au 1. Biti 8 hufanya baiti 1. Kwa kifupi, biti huandikwa kwa "b" ndogo na baiti kwa "B" kubwa. Chipu za RAM hupimwa kwa gigabiti, ilhali kipande kizima hupimwa kwa gigabaiti: chipu 8 za Gb 8 kila moja hufanya RAM ya GB 8.

Kuhesabu kwa 1,000 na kwa 1,024

Anwani za RAM huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo ukubwa wake hufuata vipeo vya 2. Kipeo kilicho karibu na 1,000 ni 1,024. Kwa hesabu hiyo, GB 1 ya RAM ni baiti 1,073,741,824. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa 1,000, hivyo GB 1 ya diski ni baiti 1,000,000,000.

Windows huonyesha ukubwa wa diski kwa hesabu ya 1,024. Matokeo yake, diski iliyoandikwa GB 500 huonekana kuwa na GB 465 hivi, na ya TB 1 huonekana kuwa na GB 931. Mnunuzi hajapunjwa, baiti ni zilezile, ila zimehesabiwa kwa njia nyingine. Ili kuondoa utata huo, mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilipitisha majina ya kibibaiti (KiB), mebibaiti (MiB) na gibibaiti (GiB) kwa hesabu ya 1,024. Hata hivyo, RAM bado huuzwa kwa jina la gigabaiti.

Kikomo cha biti 32

Anwani yenye biti 32 inaweza kutaja baiti 4,294,967,296 tu, yaani GB 4. Sehemu ya anwani hizo hutengewa vifaa vingine kama kadi ya picha. Kwa hiyo, kwenye toleo la kawaida la Windows la biti 32, mtu akiongeza RAM hadi GB 8 hafaidi nyongeza hiyo. Anahitaji prosesa na mfumo wa uendeshaji wa biti 64.

Kuchagua RAM

Kabla ya kununua, ni lazima kusoma maelezo ya ubao mama, ambao ndio unaobeba prosesa na RAM. Mambo ya kuangalia ni:

- Kizazi cha RAM. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwani pengo la kila moja limewekwa mahali tofauti.
- Umbo. Kompyuta za mezani kwa kawaida hutumia DIMM. Nyingi za mapajani hutumia SO-DIMM, ambayo ni fupi zaidi.
- Ukubwa wa juu unaokubaliwa, kwa kila nafasi na kwa jumla.
- Idadi ya vipande. Kwenye ubao wenye njia mbili za data, vipande viwili vya GB 8 kwa kawaida hupitisha data haraka kuliko kimoja cha GB 16 cha aina hiyohiyo, lakini hujaza nafasi mbili.

Kompyuta isiyo na kadi ya picha ya pekee hutumia sehemu ya RAM kwa ajili ya picha, hivyo kiasi kinachobaki kwa programu huwa pungufu ya kilichonunuliwa.