Gunia la Karantini Halihitaji Kidonge

Kila uvumi wa ugonjwa unapofika Misiera, hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watu hukimbilia magunia, na nyuma ya magunia huja swali lilelile. Lilikuja Oktoba 2022, wilaya za Mubende na Kassanda zilipofungwa kwa sababu ya Ebola. Likarudi Januari 2025, ugonjwa huo ulipotangazwa Kampala. Kazi yangu ni hifadhi ya nafaka, kwa hiyo swali hunifikia mimi, iwe Base Camp hapahapa makazini au mjini Mbarara kwenye maduka ya pembejeo: "Mwalimu, gunia moja la mahindi liwekwe vidonge vingapi?"

Hakuna. Wala kimoja, wala nusu, wala kile kilichofungwa kwenye kitambaa. Gunia linalokaa ndani ya nyumba wanamolala watu halipaswi kutiwa kidonge cha kuulia fukusi hata kidogo. Nimelijibu swali hili kwa upole mara nyingi, nikaitikiwa, nikashukuriwa, na vidonge vikaendelea kununuliwa. Leo nalijibu kwa urefu, na upole nauweka kando.

Hofu yenyewe siibezi. Waliokuwa Nakivale mwaka 2020 wanajua inatoka wapi. Machi 25 usafiri wa umma ulisimamishwa. Machi 30 Rais Museveni akazuia na magari ya watu binafsi, akaweka kafyu kuanzia saa moja jioni. Tuliambiwa siku 14, zikaongezwa, na wilaya za mpakani kama Isingiro yetu zikangojeshwa zaidi kuliko nyingine hata wenzetu walipoanza kufunguliwa. Aprili mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likapunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, na Februari 2021 mgao ukashuka hadi asilimia 60. Juni 2021 tukafungiwa tena, safari hii siku 42. Mei 2025 karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda waliondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Mama anayekesha akihesabu vikombe vya unga ana sababu zote za kukesha.

Lakini tukumbuke vizuri kilichopungua mwaka ule wa 2020. Malori ya mizigo yaliruhusiwa. Masoko ya chakula yalibaki wazi, wachuuzi wakaagizwa kulala humohumo sokoni. Bodaboda zilikatazwa abiria, mizigo zikabeba. Kilichokatika ni pesa mfukoni na njia ya kufika sokoni. Bei nazo zilipandishwa na waliotaka kutajirika kwa hofu: chumvi, bidhaa isiyooza wala kuliwa na mdudu, ilipandishwa bei Machi 2020 hadi serikali ikawaonya wafanyabiashara. Kwa hiyo akiba ya nyumbani ina maana. Swali ni akiba ya kiasi gani na ilindwe vipi, na hapo ndipo kidonge kinapoingia bila kualikwa.

Kidonge hicho ni aluminiamu fosfaidi. Kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Haimtambui fukusi ni nani na mtoto ni nani. Inavuruga namna chembe za mwili zinavyotumia hewa, na kwa binadamu hushambulia moyo na mapafu. Dawa ya kuitangua haipo. Hospitali ya rufaa ya Mbarara haina, na hospitali nyingine yoyote duniani haina. Mganga anaweza tu kuusaidia mwili upigane.

Tupige hesabu, maana wengi huniambia kidonge kimoja ni kidogo. Kidonge cha kawaida kina uzito wa gramu 3 na hutoa gramu 1 ya fosfini. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, kimo mita mbili na nusu, kama vilivyo vyumba vingi vya kulala hapa kwetu. Gesi yote ya kidonge kimoja ikibaki humo, hewa itakuwa na fosfini sehemu 32 katika kila milioni. Kiwango anachoruhusiwa mfanyakazi mtu mzima, kwa zamu ya saa nane, ni sehemu 0.3. Kidonge kimoja kinapita kiwango hicho mara mia moja. Vidonge viwili vinavuka sehemu 50, kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini wanakihesabu kuwa hatari ya moja kwa moja kwa maisha. Nami huulizwa kuhusu vitatu na vinne, tena katika chumba walimolala watoto watano, mlango umefungwa kwa komeo na nguo zimesokomezwa chini yake kuzuia baridi.

"Tungesikia harufu." Harufu ya kitunguu saumu au ya samaki aliyeoza hutokana zaidi na uchafu ulioandamana na gesi. Gesi inaweza kuwepo kwa kiwango cha kudhuru bila pua kuinusa, na aliyelala hanusi kitu.

"Tumekifunga katikati ya gunia." Gunia letu limefumwa kwa nyuzi za plastiki. Liinue uliangalie kwenye mwanga wa jua: unaona vitundu mstari kwa mstari. Maji yanapita humo, unga unapita humo. Gesi haitazuiwa na gunia hilo wala na karatasi uliyofungia kidonge.

"Tukizidiwa tutakunywa maziwa." Haya nimeyasikia Nakivale na Mbarara vilevile, na katika nchi ya Ankole maziwa yamepewa kazi nyingi. Gesi imeingia mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni. Kila dakika inayopotea mtu akitafutiwa kikombe ni dakika anayonyimwa hewa safi na safari ya kituo cha afya.

"Jirani hutumia kila mwaka, hajafa mtu." Hoja hii ndiyo inayoshinda zote, nami naichukia kuliko zote kwa sababu inaonekana kama ushahidi. Jirani alinusurika kwa kuwa nyumba yake inavuja: mwanya chini ya bati, turubai lililopasuka, dirisha lisilo na kioo. Gesi ilitoka nje. Sasa mwulize jirani huyo kuhusu mahindi yake mwezi wa tatu tangu kuyahifadhi. Atakuonyesha unga chini ya gunia na punje zilizotobolewa, na atasema dawa za siku hizi ni feki.

Si lazima ziwe feki. Ili fosfini iue fukusi pamoja na mayai na viluwiluwi vyake vilivyojificha ndani ya punje, nafaka yote inapaswa kufunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi, kingo zikandamizwe chini, na ikae hivyo siku kadhaa. Katika maeneo ya miinuko kama yetu, ambako usiku kuna baridi, ni wiki nzima au zaidi. Kazi hiyo hufanywa kwenye ghala lisilolala mtu, na watu waliofunzwa, wenye vifaa vya kukinga pumzi na vya kupimia gesi. Na turubai likishaondolewa, hakuna kinga inayobaki. Fukusi wa gunia la jirani wanaweza kuingia jioni ileile. Kidonge kwenye gunia lililo wazi huua wadudu wachache wanyonge na kuwaacha wagumu wazae wagumu wenzao. Hakuna kipimo kinachoua fukusi gunia likiwa wazi na kuwaacha salama waliolala kando yake.

Na sasa jambo ambalo lingetosha kuimaliza hoja hii yote. Akiba ya karantini inaliwa kabla fukusi hawajapata nafasi. Kutoka yai hadi mdudu mzima anayeweza kutaga, fukusi wa mahindi huhitaji takriban wiki tano penye joto, na huchelewa zaidi penye baridi. Familia ya watu sita, kwa gramu 400 za nafaka kwa kila mtu kwa siku, hula kilo 34 kwa siku 14. Kwa siku 42, kufungiwa kwetu kwa mwaka 2021, hula kilo 100: gunia moja. Utakapofika kizazi cha pili cha fukusi, wale wanaoangamiza gunia, wewe unakwangua chini. Mtu anayenunua sumu kulinda gunia moja la wiki sita analinda chakula kisichokuwa na hatari hiyo, kwa kuwahatarisha walaji wenyewe.

Basi fanya haya.

Nunua mahindi, usirundike unga. Unga huchacha na kuingiwa na wadudu upesi. Saga ya wiki moja au mbili. Kwa familia hiyo ya sita, siku 14, ongeza kilo 6 au 7 za maharagwe, lita 2 za mafuta na nusu kilo ya chumvi. Nunua kidogo kidogo miezi ya mavuno, usingoje tangazo la redio ndipo uende kushindana na waliopandisha bei.

Pima ukavu. Chukua chupa kavu ya glasi, weka chumvi kavu vijiko kadhaa, ongeza mahindi hadi nusu, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye glasi, mahindi ni mabichi: yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, na rudia kipimo kesho. Mahindi yenye ukungu yatupe. Sumu yake haitoki kwa kuosha, kuanika wala kupika. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 ilithibitishwa kuwaua watu 125.

Chekecha na chagua. Toa vumbi, punje zilizovunjika na zilizotobolewa kabla ya kuhifadhi.

Ziba hewa. Dumu la lita 20 la plastiki, ambalo halijawahi kubeba dawa wala mafuta ya taa, lioshwe na kukauka kabisa ndani, lijazwe hadi mdomoni, likazwe kifuniko juu ya kipande cha nailoni. Linachukua takriban kilo 15 za maharagwe au mahindi. Wadudu waliomo hutumia hewa yote iliyobaki kisha hufa kwa kuikosa. Fungua dumu moja kwa wakati, na liishe ndipo ufungue lingine. Mwenye uwezo anunue mfuko wa PICS, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia: kanuni ni hiyohiyo, na mfuko usiotobolewa unatumika misimu kadhaa.

Huna dumu? Maharagwe yaanike kwenye plastiki nyeusi, yafunikwe kwa plastiki angavu, saa kadhaa za jua kali la mchana. Joto huua fukusi na mayai. Utakayopanda usiyatie humo bila ushauri. Au viringisha gunia la maharagwe asubuhi na jioni kila siku: kiluwiluwi kinachoanguliwa huhitaji muda wa kutulia ili kitoboe punje, na ukikisumbua hakifiki ndani. Majivu makavu yaliyochekechwa, yaliyochanganywa sawasawa na nafaka, husaidia pia.

Inua gunia juu ya mbao au matofali, litenge na ukuta, zuia panya. Wanaohifadhi chumbani kwa kuogopa wezi hawana kosa, mradi ndani ya gunia pana chakula peke yake.

Na kama unasoma haya ukiwa tayari na gunia lenye vidonge ndani ya nyumba, usingoje kumaliza. Toa watu wote, watoto kwanza. Acha milango na madirisha wazi, mlale kwingine usiku wa leo. Usilimwagie gunia maji, maana maji huharakisha gesi. Usilifungue gunia wala kulibeba wewe. Mwite afisa kilimo wa eneo lako. Mtu akiumwa kichwa, akitapika, akibanwa kifua au akishindwa kupumua, apelekwe kituo cha afya sasa hivi, na mtakapofika semeni neno la kwanza kabisa: vidonge vya mahindi.