Steki kwa mchuzi wa kamba: Mjulishe mgeni kabla hujapakua

Sikukuu zinapokaribia, jamaa wanaotafuta riziki Mombasa na Nairobi hurejea nyumbani Kanyakine na mapishi ya mahotelini. Mojawapo ni steki, yaani mnofu wa ng'ombe usio na mfupa, iliyomiminiwa mchuzi mzito wa malai na kamba wa baharini. Ni chakula kitamu na hakuna haja ya kukuzuia usikipike. Hata hivyo, msomaji, sahani hiyo moja hukutanisha vyakula vitatu, na kila kimoja kina tahadhari yake.

Tuanze na kamba. Baadhi ya kamba wetu huvuliwa katika Ghuba ya Ungwana, Mto Tana unapoingia baharini. Maji ya mito ya Meru huishia huko, lakini kamba wa pwani akipanda kuja kwetu husafiri zaidi ya kilomita 600, na huharibika upesi. Wawekwe kwenye barafu tangu wanaponunuliwa hadi wafike jikoni. Wakinuka kama amonia au wakiwa na utelezi, watupe. Walioganda wayeyushie ndani ya friji, si juu ya meza.

La pili ni mzio. Kuna watu ambao miili yao huikataa protini ya kamba, na moto wa jiko hauondoi hatari hiyo. Mtu aliyekulia bara bila kuonja kamba hawezi kujua kama yeye ni mmoja wao. Aidha, protini hiyo hufanana na iliyomo katika mende na viroboto vya vumbi, hivyo mwili waweza kumkataa kamba hata siku ya kwanza. Dalili ni kuwashwa, kuvimba midomo, kutapika na kubanwa kifua. Anayepumua kwa shida au kuzirai akimbizwe hospitalini mara moja. Tiba yake ni sindano ya adrenalini, wala si kunyweshwa maziwa. Kwa sababu hiyo, waambie wageni wote kilichomo mchuzini kabla hujapakua.

Tatu ni malai. Boma nyingi kwetu zina ng'ombe wa maziwa, na wengine huengua malai ya maziwa mabichi. Hayo yanaweza kuleta bruselosi, homa inayokuja na kuondoka ikiandamana na jasho na maumivu ya viungo, na ambayo hudhaniwa kuwa malaria. Chemsha maziwa kwanza.

Nyama nayo inunuliwe iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, na iive hadi ndani ili kuua vifuko vya minyoo kama tegu.

Kwa watu wanne, chukua steki nne za gramu 120 kila moja, kamba gramu 200 waliomenywa, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, kijiko cha unga wa ngano, vijiko viwili vya malai, kitunguu na kitunguu saumu. Kamba na nyama vikatiwe kwenye vibao tofauti na vile vya mboga.

Kaanga steki kwa mafuta kidogo, kama dakika tano kila upande, hadi isitoe maji mekundu. Iweke kando ipumzike. Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu, tia unga, kisha maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Mchuzi ukiwa mzito, tia kamba. Kwa dakika tatu au nne watajikunja na kuwa wa rangi ya waridi, nyama yao nyeupe kabisa. Epua, changanya malai, pilipili manga na dhania. Chumvi iwe chache, kwani mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 5 kwa siku.

Mwenye jongo, ambaye kidole gumba cha mguu huvimba na kumwamsha usiku, ajue kwamba nyama na kamba vyote huongeza asidi ya yuriki, na pombe huzidisha. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, adui mkubwa zaidi si kamba, ambaye ana mafuta machache, bali malai. Apunguziwe mchuzi, aongezewe sukuma wiki.

Masalio yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Yatie frijini, na kesho yapashwe moto hadi yachemke.