Simu yako ikisema ni mwaka 1970

Simu ilizima chaji jana usiku. Asubuhi unaiwasha, tarehe inasoma 1 Januari 1970, na programu yetu inakataa kufunguka ukiwa kwa stage na makanga anangoja nauli. Wateja hutupigia wakidhani laini imefungwa ama pesa zimeenda. Pesa ziko. Shida ni saa.

Simu haijui Jumatatu wala Jumanne. Inahesabu sekunde tu, na Android, kama mifumo mingine ya ukoo wa Unix, huanzia 1 Januari 1970, saa tisa usiku kwa saa za Kenya. Ikipoteza hesabu, inaweza kurudi sifuri. Kompyuta za Windows nazo huhesabu kuanzia 1601, Fort Jesus ikiwa bado ngome mpya! Kwa hivyo namba ya saa ikitoka mfumo mmoja kwenda mwingine lazima igeuzwe kwanza, la sivyo tarehe inakuwa kichekesho.

Na kwa nini programu ikatae? Kabla ya kuzungumza na seva yetu, hukagua cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa simu iliyo 1970, cheti hicho bado hakijaanza kazi. Inafunga mlango, na ni vizuri ifunge.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, uweke tarehe na saa zijirekebishe zenyewe, kisha ujaribu tena. Usifute programu. Na mtu akikupigia akisema "atakurekebishia akaunti" ukimpa PIN, kata simu.

Ukibishana na mwenye duka kuhusu ulilipa saa ngapi, soma saa iliyo ndani ya ujumbe wetu, kando ya namba ya muamala. Hiyo inatoka kwa seva. Ile ya juu ya ujumbe inaweza kuwa ya simu yako, na simu hudanganya.

Kama unanunua simu kuukuu, jua hili pia: vifaa vinavyohifadhi saa kwa biti 32 vitajaa 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata vitaruka nyuma hadi 13 Desemba 1901. Vya biti 64 havina tatizo hilo, kwa hivyo muulize muuzaji kabla hujatuma pesa.