Tochi Isiyokuacha Njiani: Namna ya Kupima na Kuboresha Tochi za Kuiga

Dumila ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma hukutana hapo na barabara ya Kilosa, na magari hayakomi kupita mchana wala usiku. Mchuuzi anayepakia mzigo kabla ya alfajiri hutegemea tochi. Ndivyo alivyo pia dereva wa bodaboda aliyepasukiwa tairi gizani, mkulima wa mpunga anayekwenda kufungua maji ya mfereji, na mkazi wa kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi anayekesha shambani kulinda mazao yake dhidi ya tembo. Kwa watu hawa, tochi inayozimika ghafla haileti hasara ya fedha pekee. Huweza kuhatarisha maisha.

Makala hii inamweleza mlaji namna ya kuitambua tochi inayofaa, namna ya kuiboresha ile aliyokwisha kuinunua, na haki alizonazo iwapo amedanganywa.

Tochi za kuiga ni zipi?

Sokoni zimeenea tochi nyeusi za aluminiamu, zenye makali ya kukwaruza kwenye mdomo na lenzi inayovutwa mbele na nyuma. Nyingi huiga umbo la tochi za askari, zikiwemo zile zinazofungwa chini ya mtutu wa bunduki. Baadhi zilibuniwa kwa michezo ya kuigiza mapigano, na baadhi hubandikwa majina ya kampuni mashuhuri ambazo hazikuzitengeneza.

Umbo la kijeshi si ushahidi wa uimara, kwani rangi na makali ni rahisi kuiga. Kisichoigwa kwa urahisi ni ubora wa betri, upitishaji wa joto na uthabiti wa viungo vya ndani. Hapo ndipo pa kupima.

Ni vema kuongeza tahadhari moja. Tochi ya aina hii isifungwe kwenye kitu chenye umbo la bunduki, hata kiwe cha kuchezea, kisha mtu akatembea nacho usiku. Mlinzi au askari aliyemulikwa machoni hana namna ya kujua kwamba anachokiona si silaha ya kweli.

Namba za kwenye boksi

Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Maboksi mengi huandikwa lumeni 20,000 au hata 100,000, tena kwa tochi yenye betri moja ndogo. Hesabu fupi inatosha kuonesha kwamba jambo hilo haliwezekani.

Taa ya LED ya kawaida hutoa lumeni zipatazo 100 kwa kila wati moja ya umeme. Betri ya lithiamu iliyo ya kawaida katika tochi hizi, yenye volti 3.7 na uwezo wa mAh 2,500, huhifadhi wati-saa zipatazo 9. Lumeni 1,000 huhitaji wati 10, hivyo betri hiyo ingeisha kabla ya saa moja. Lumeni 20,000 zingehitaji wati 200. Betri ingekwisha ndani ya dakika tatu, kama ingeweza kutoa nguvu hiyo, na tochi ingemchoma aliyeishika. Boksi linaloahidi lumeni 20,000 kwa saa kumi na mbili linakanushwa na betri iliyomo ndani yake.

Umbali nao husomwa kwa uangalifu. Katika viwango vinavyotumiwa kimataifa kupima tochi, umbali wa mwanga huhesabiwa hadi pale unapobaki kiasi cha robo ya laksi, yaani mfano wa mbalamwezi ya usiku usio na mawingu. Tochi iliyopimwa kuwa ya mita 200 haimwoneshi mlinzi wa shamba mnyama aliye umbali huo kwa uwazi. Kwa nusu ya umbali mwanga huwa mara nne zaidi, na hapo ndipo macho huanza kutambua vizuri. Hata hivyo, tochi si kinga dhidi ya tembo. Ikimwonesha mnyama, kazi yake ni kumwezesha mtu kuondoka mapema na kutoa taarifa kwa askari wa wanyamapori.

Betri ndiyo moyo wa tochi

Betri nyingi za tochi hizi huandikwa namba 18650. Maana yake ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri halisi za ukubwa huu kwa kawaida huwa na uwezo wa mAh 2,000 hadi 3,500. Iliyoandikwa mAh 9,900 inasema uongo, na aghalabu uwezo wake halisi ni mdogo hata kuliko wa betri nzuri iliyoandikwa 2,500.

Uzito nao husema ukweli. Betri halisi ya 18650 huwa na gramu zinazokaribia 45 au zaidi kidogo. Ikiwa nyepesi mno mkononi, huenda ndani yake mna betri ndogo iliyovishwa ganda kubwa. Mizani ndogo ya kidijitali hutosha kulithibitisha hilo.

Majaribio ya kufanya dukani

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kufanya yafuatayo:

1. Iwashe tochi kwa dakika kumi bila kuizima, kando ya tochi nyingine unayoiamini. Mwanga ukififia upesi, betri au saketi ni dhaifu.
2. Shika kichwa chake. Tochi yenye mwanga mkali inapaswa kupata joto kwa nje. Ikibaki baridi kabisa ilhali mwanga ni mkali, joto halitoki kwenye LED, na LED hiyo haitadumu.
3. Igonge taratibu kwenye kiganja. Mwanga ukikatika, viungo vya ndani vimelegea.
4. Bonyeza swichi mara ishirini. Isikwame wala kuruka hatua.
5. Fungua kifuniko na utazame mpira wa kuzuia maji. Ukiwa haupo au umekatika, usiitumie mvuani, hata kama boksi limeandikwa vinginevyo.

Kuiboresha tochi uliyonayo

Tochi dhaifu haigeuzwi kuwa ya askari, lakini nyingi huimarika kwa kazi ndogo. Ondoa betri kwanza.

Safisha springi na ncha zote zinazogusana na betri kwa kitambaa chenye spiriti. Penye kutu hafifu, sugua kwa kifutio cha penseli. Springi iliyolala ivutwe kidogo irudi juu. Mpira wa kuzuia maji upakwe grisi ya silikoni kidogo. Kisha weka karatasi kavu mahali pa betri, funga tochi, na uimwagie maji. Karatasi ikilowa, utajua kwamba haifai kwa mvua, na uiache wazi kivulini hadi ikauke kabisa.

Katika tochi nyingi za kuvuta lenzi, kitako kinachoshika LED huwa kimelegea. Fundi akikikaza na kupaka chini ya LED dawa ya kupitisha joto, ile itumiwayo na mafundi wa kompyuta, LED hupoa vizuri na hudumu zaidi.

Maboresho makubwa kuliko yote ni kubadili betri na kuweka iliyo halisi. Usiweke betri yenye volti kubwa kuliko iliyokusudiwa, wala usichanganye betri mpya na kuukuu.

Kuchaji kwa usalama

Betri ya lithiamu iliyoharibika huweza kuwaka moto. Tumia chaja inayolingana na betri, uichaji mahali pasipo na godoro, nyasi au mafuta, na usiiache usiku kucha bila mtu. Betri iliyovimba, inayovuja au inayopata joto kali isitumike tena. Isitupwe motoni, chooni wala shambani.

Haki zako

Dai risiti na uhifadhi boksi, kwa kuwa maandishi ya boksi ni ushahidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iuzwayo kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa zenye alama za kughushi.

Anza kwa kumrudia muuzaji mapema, ukiwa na risiti, boksi na tochi yenyewe. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa Afisa Biashara wa wilaya, au kwa Tume ya Ushindani iwapo umepotoshwa au bidhaa ni bandia. Bidhaa yenye hatari, kama betri inayowaka, itolewe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania.

Mlaji asinunue namba iliyochapwa kwenye boksi. Anunue muda ambao mwanga utadumu, na muda huo aupime mwenyewe kabla ya kuingia gizani.