Je, Wajua? Kalenda Hutangulia Mapishi

Je, wajua kwamba anayejifunza kupika Mwanza ana haja ya kujua kalenda kabla ya mapishi? Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa; zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwaka, taa hizo hupoteza mvuto wake, ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku za mwezi mpevu na mzigo mpya hupungua sokoni Mwaloni, Kirumba. Giza likirudi, dagaa hurudi. Masika nayo, Machi hadi Mei, huharibu kazi ya kuanika, lakini huotesha mchicha na mgagani kwa wingi. Basi giza la mwezi likiangukia masika, mlo rahisi kuliko yote uko tayari: dagaa wabichi waliooshwa vizuri, kitunguu, nyanya, ndimu, mboga za majani na ugali.

Wapo watakaosema minofu ya sangara ni rahisi zaidi, tena dagaa wana mchanga. Minofu ni rahisi kweli, ila dagaa huliwa pamoja na mifupa, na humo ndimo ilimo kalsiamu. Mchanga nao hautoki ziwani. Hutokana na kuanikwa chini. Ukinunua wakavu, chagua walioanikwa kwenye chanja, watoe vichwa, uwaoshe kwa maji ya moto. Na mgagani ukiwa mchungu, uchemshe, umwage maji, kisha uuunge kwa maziwa au karanga.